Magauni Yenye Uso wa Mheshimiwa

Kitenge kililetwa dukani kwangu kwa mabunda. Nilipofungua bunda la kwanza juu ya meza ya kukatia, nikakutana na Mheshimiwa akinitazama. Uso mkubwa kama sinia, anatabasamu, umejirudia kitambaa kizima.

"Magauni ya akina mama wote wa kamati ya mapokezi," alisema mwenyekiti wao. "Na nisikilize vizuri, fundi. Usimkate."

Mwenyekiti alikuwa jirani yangu hapa sokoni Karatu, muuza mitumba. Alimpenda Mheshimiwa kwa mapenzi ambayo sikuwahi kuyacheka, maana nilijua yalikotoka. Mumewe alipofariki, Mheshimiwa alifika msibani bila msafara, akakaa na waombolezaji, akala makande kama sisi. Tangu hapo picha yake ilitundikwa sebuleni kwa mwenyekiti, juu kidogo ya picha ya marehemu. Ukilalamika kwamba barabara ya mtaa ni mbovu, atakuambia Mheshimiwa hajaambiwa tu. Mvua ikinyesha vizuri, sifa zinamwendea yeye.

Nimeshona tangu usichana wangu kule Rombo, ila kazi ngumu kama ile sikuwahi kuipata. Uso haukatwi, sawa. Lakini mwanamke ana kifua, ana kiuno, ana makalio, na nyuso zilikuwa kila mahali. Kwa mama mnene Mheshimiwa alivimba mashavu, kwa mwembamba akawa kama ametoka kuugua malaria. Mbele nilijitahidi. Nyuma, nifanye nifanyavyo, uso uliangukia palepale pa kukalia. Nikamwita mwenyekiti aje aone.

Akalizunguka gauni, akaguna. "Mgeuze."

"Nikimgeuza anakuwa kichwa chini, dada."

Akafikiri. "Basi tutasimama. Hakuna atakayemkalia."

Nilidhani anatania.

Siku ya mapokezi tulijipanga uwanja wa mpira, na mimi nimevaa gauni langu, tunang'aa. Mheshimiwa alikuwa amepanda Ngorongoro asubuhi kuzungumza na wafugaji wa Nainokanoka, mchana ashuke kwetu. Mchana ukafika, ukapita. Tukaambiwa kule juu kuna ukungu mzito, magari yanatambaa. Nyuma yetu viti vyeupe vya plastiki vimepangwa safi chini ya turubai, vitupu. Upepo unatupiga vumbi jekundu mdomoni. Magari ya watalii yanapunguza mwendo, wazungu wanatupiga picha.

Kila mtu aliyesogelea kiti, mwenyekiti alimnyooshea kidole. "Mama, heshima!" Na sisi tunarudi mstarini. Hata mimi. Kitenge kile nilikipiga pasi mwenyewe, shavu kwa shavu, nikijua kabisa kwamba ni pamba na rangi. Lakini nilipojaribu kukaa, magoti yalikataa kukunjika. Hilo linanishangaza hadi leo.

Mama mkwe wangu alikuwepo pia. Yeye ni Mwiraqw, mkulima wa Ganako, na kamati ilimwalika na kumvika gauni kwa kuwa walitaka wazee waonekane. Akanivuta mkono.

"Mwanangu, hivi viti ni vya nani?"

"Ni vyetu, mama. Ila tunasimama kwa heshima. Ukikaa, utamkalia Mheshimiwa."

Akajipapasa nyuma. "Yuko huku?"

"Ndiyo, mama."

"Basi na yeye atakuwa amechoka," akasema, akakaa.

Mstari mzima ukageuka. Mwenyekiti akaja mbio. "Bibi, tafadhali, simama! Unamkalia!"

"Simuumizi," mama mkwe akajibu, akinyoosha miguu. "Magoti ndiyo yanayoniumiza mimi."

Nilitamani ardhi inimeze: mama mkwe huku, mteja wangu mkubwa kule. Kisha mtu mmoja mstarini akacheka puani. Mwingine akaangua kicheko kabisa, akakaa. Viti vikaanza kulia kwa zamu, kwii, kwii, na kamati nzima ikashusha pumzi. Akabaki mwenyekiti peke yake mbele yetu, mgongo umenyooka, machozi yakimlengalenga. Miguu yangu ilikuwa inawaka moto, lakini nikaenda nikasimama naye. Alinishika tu kidole kimoja.

King'ora kikasikika. Msafara uliingia na vumbi lake, Mheshimiwa akachomoza juu ya gari, kipaza sauti mkononi. Alitushukuru kwa subira, akasema akina mama wa Karatu wamependeza, akaomba radhi kwamba anawahiwa na giza. Mwenyekiti alipunga mikono yote miwili. Macho ya Mheshimiwa yalimpitia kama yalivyotupitia wengine, yakaenda kwenye jukwaa la vijana. Gari likageuka.

"Hakukuona na vumbi hili," nikamwambia.

"Aliniona," akasema. "Hakunikumbuka."

Alisimama kidogo akiangalia barabara, kisha akavuta kiti, akakaa kwa uzito wake wote. Mama mkwe akafungua kifuko cha karanga, akammiminia kiganjani bila kumuuliza.

"Mwaka huu mbaazi zenu vipi kule Ganako?" mwenyekiti akamuuliza akitafuna.

"Zina wadudu," akajibu mama mkwe, akaanza kueleza kwa urefu ni wadudu gani.

Nikavua viatu, nikavuta kiti na mimi.