Kitabu cha Upelelezi cha Sista Rispa

Siku yangu ya kwanza kazini Lodwar, Bwana Mkutubi alinikabidhi muhuri wa tarehe, wino na onyo. "Kijana, mchwa wa huku wanasoma kuliko watu. Kitabu kisitoke mkononi mwako kabla hujakifungua ukahesabu kurasa." Nilikuwa nimetoka Kakamega juzi tu. Nikaitikia, "Ndiyo, mzee."

Kazi yenyewe ilikuwa sanduku la vitabu. Kila mwezi, miaka ile ya sabini, nililipakia kwenye Landrova hadi Kakuma, nikalifungua barazani pa zahanati. Kila kitabu kilikuwa na kadi ndani ya jalada. Msomaji akiazima, naigonga muhuri, nabaki nayo. Luga, ule mto mkavu wa mchanga, likijaa maji, tulingoja ng'ambo hata siku mbili.

Muuguzi wa zahanati hiyo alikuwa Sista Rispa. Akisomea Nairobi, alikuwa akifuata mchezo wa upelelezi kwenye televisheni ya bweni, kisha akaletwa Kakuma kabla muuaji hajajulikana. Safari yangu ya kwanza aliniambia mchezo ule umeandikiwa kitabu.

"Nitafutie, Bwana Karani. Siwezi kuzeeka bila kujua nani alimuua yule tajiri."

Nikakiagiza. Tangu hapo kila nikifika aliuliza, "Kimekuja?" Nikijibu bado, alimimina chai akanisimulia kipande kimoja. Mpelelezi wake alikuwa mtu wa maneno machache, na akivua kofia ujue kuna mtu amebanwa. Sista naye alivua kofia yake ya uuguzi kunionyesha. Jamani, nilimpenda yule mama.

Mwaka haukuisha, kitabu kikaja Lodwar. Nikahesabu kurasa, zote zipo, kisha nikakisoma Jumapili nzima. Kilikuwa kibaya. Mpelelezi alipayuka kutoka mwanzo hadi mwisho, kofia haikutajwa, na muuaji alichomoza mwishoni kabisa, mtu ambaye hajawahi hata kusalimia mwenzake kitabuni. Nikakifungia kabatini. Nilijidanganya kwamba namwonea huruma. Ukweli ni kwamba niliogopa akikipata hataniuliza tena.

"Kimekuja?"

"Bado, Sista."

Nilisema uongo huo karibu miaka miwili. Kila safari niliapa nitamweleza yaliyo moyoni, nikanywa chai, nikafunga sanduku. Kisha nikaenda likizo nyumbani, na niliporudi Kakuma nikakuta muuguzi mwingine. Sista alikuwa amepewa uhamisho wa mbali. Sikumwona tena.

Nilipostaafu, Ekai aliyekuwa akifunga vidonda pale zahanati alikuja Lodwar kuniaga. "Ejok," akanisalimu kwa Kiturkana, akaketi. Nikamtolea kile kitabu, nikaungama yote.

"Hiyo kitabu?" akasema. "Sista alikuwa nayo. Dada yake alimtumia, wewe hujarudi hata mara ya pili. Alisoma, akasema ni mbaya sana, akanipa niweke chini ya mguu ya meza."

"Sasa mbona aliniuliza kila mwezi?"

Ekai alinirudishia kitabu. "Ulikuwa unakaa mpaka chai inaisha."

Vijana mnaoingia kazi hii, hesabuni kurasa kama nilivyofundishwa, lakini kitabu cha mtu kikifika, mpelekeeni, hata kama ni kibaya. Mimi changu ninacho hapa chumbani, na kadi yake haijagongwa muhuri hata mmoja.