Mawe ya Bibi
Juzi mjukuu wangu alinionyesha picha ya magofu ya hekalu la Warumi mlimani, nikamkumbuka bibi. Alasiri moja ya utoto wangu alinipandisha mlima ulio juu ya Mbeya, hadi kwenye mawe ya matambiko yaliyomezwa na nyasi. Akamimina pombe ya ulezi, harufu yake chachu ikanijaa puani, huku akinong'ona.

"Unaongea na nani, Bibi?"

"Na baba yangu."

Nilitega sikio kwenye jiwe, nikamsikia baba yake akinywa. Leo najua ulikuwa udongo mkavu ukifyonza pombe.

Jioni baba, mzee wa kanisa, aliniuliza tulikokuwa.

"Tulikwenda kuokota kuni," nilisema, ingawa hatukurudi hata na kijiti.

Baba alimgeukia Bibi, mama yake.

"Yale mawe bado yamesimama?" akamuuliza.