Orodha ya Wapiga Kelele

Wanafunzi walimwita Radi, naye alilijua jina hilo na kulipenda. Miaka kumi na tisa alifundisha darasa la saba, na kila Ijumaa alipokea karatasi ya kiranja yenye majina ya wapiga kelele, akawachapa viganjani mmoja mmoja. Hakuuliza swali. Mchelea mwana kulia, hulia yeye; ndivyo alivyolelewa na ndivyo alivyolea wanawe.

Muhula huu mwalimu mkuu alimbebesha somo jipya: mamlaka, ridhaa na kushikwashikwa. Radi alinung'unika kwamba watoto wa siku hizi wanafundishwa hata kukataa, kisha akaingia darasani, fimbo kwapani, akaandika ubaoni: Nani ana mamlaka hapa?

Akagonga meza. Akainuka msichana mwembamba wa dawati la nyuma, bingwa wa ile orodha; tangu shule ifunguliwe hakukosa hata Ijumaa moja.

"Kiranja," akasema. "Tukikataa atushike, anatuandika. Akishatuandika, mwalimu, wewe unatuchapa."

Wasichana wengine wanne waliinamisha vichwa, na viganja vya wote hao Radi alivijua. Akamgeukia kiranja, kijana mtanashati aliyempenda kama mwanawe, akitamani aseme ni uongo. Kiranja akatabasamu.

"Si umewachapa mwenyewe, mwalimu?"

Hapo Radi akapandwa na mori. Alimkaba ukosi, akambamiza ubaoni, fimbo ikashuka mabegani, mgongoni, popote. Kijana akaanguka akimlilia mama yake. Fimbo ikavunjika, akaendelea na kipande. Alimpiga kwa uchungu wa wale wasichana na kwa aibu yake mwenyewe, na aibu ndiyo iliyokuwa na mkono mzito zaidi. Alipoona damu sikioni mwa kijana ndipo akaacha, anahema.

Darasa zima lilikuwa limejikunyata chini ya madawati. Aliyebaki wima ni yule msichana. Alikuwa amefumba macho na kunyoosha viganja vyote viwili mbele, anangoja zamu yake kwa kuwa amesema.

"Shusha mikono, mwanangu," Radi akamwambia, akakitupa kile kipande. "Wewe hukukosa. Niliyekosa ni mimi."

Mtoto alimsikia. Mikono hakuishusha.