Mazoezi ya Jumatano na Ijumaa

Mpaka leo nikikaribia ule ukumbi wa Thornton Heath, huku ughaibuni, huwa navuka barabara, ingawa miaka imepita na wala hakuna anayekumbuka yaliyonipata pale (Mama Upendo simhesabu, yeye hasahau kitu).

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati wa baridi, na mafua yalikuwa hayaniachi, yakiisha haya yanaanza mengine, na mimi ndio kwanza nimechaguliwa mwalimu wa kwaya, tena kwa kumshinda Mama Upendo aliyeitaka nafasi hiyo kwa udi na uvumba, sasa mwalimu gani hana sauti? Wenzangu walishaanza kunong'ona. Nikaenda kwa daktari na wifi yangu Rehema anitafsirie, maana Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Nesi akauliza kitu, Rehema akanigeukia.

"Wifi, anauliza unafanya mazoezi?"

"Sana tu! Jumatano na Ijumaa jioni, ukumbi wa kanisa. Na mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu."

Rehema akatafsiri kama nilivyosema (yeye kanisani huonekana Krismasi, habari za kwaya angezijulia wapi). Nesi akafurahi mno. Akasema mazoezi ya mara kwa mara yanasaidia kinga ya mwili, kwamba wale askari wanaopambana na maradhi wanazunguka vizuri zaidi kwenye damu, na kwamba Jumamosi wana siku ya afya, je, naweza kuja na kikundi changu tuwaonyeshe wazee? Nilishangaa kidogo kwamba kuimba kuna faida zote hizo, lakini nikajiambia Wazungu wamechunguza, mimi nani nibishe. Swali moja tu lingeniokoa. Sikuuliza.

"Tumealikwa," nikawatangazia wanakwaya, kifua mbele.

"Wametusikia wapi?" akauliza Mama Upendo.

"Sifa zinatembea, dada."

Jumamosi tukapanda basi na majoho yetu ya zambarau, viatu vya visigino, kinanda tumekipakata kama mtoto mchanga. Tunaingia ukumbini pale Thornton Heath, nakuta magodoro membamba yametandikwa sakafuni, na wazee wamevaa suti za michezo na raba, bibi mmoja wa Kijamaika tayari anajinyoosha viungo. Nesi akanishika mkono akanisimamisha mbele, akanipa na kipaza sauti.

"Wifi, majoho ya nini?" Rehema, aliyekuja kunitafsiria, akaninong'oneza.

"Ya kuimbia."

"Kuimba? Si ulisema mazoezi?"

"Si ndiyo! Ya kwaya!"

Rehema akaziba mdomo kwa mtandio. Ningeweza kusema ukweli palepale tukacheka yakaisha, lakini Mama Upendo alikuwa ananitazama, na nikaona cheo kinaondoka. Nikamwambia mpiga kinanda apige pambio la haraka, nikaanza kuruka.

Ubeti wa kwanza nilikwenda vizuri, na wazee wakanifuata. Wa pili pumzi ikakata. Wa tatu kisigino kikakanyaga joho, nikakaa chini puu juu ya godoro, miguu mbele, na kabla sijainuka chafya zikaanza, moja baada ya nyingine, zote ndani ya kipaza sauti. Nilitamani ardhi inimeze. Bibi wa Kijamaika aliendelea kuruka peke yake mpaka pambio likaisha, halafu akaja kuninyanyua, hata jasho hana.

Nesi akaniinamia akauliza kwa upole, na Rehema akatafsiri kwa sauti kubwa, amesahau kwamba kwaya nzima inajua Kiswahili:

"Wifi, anauliza una hakika kweli unafanya mazoezi?"

Mama Upendo akajibu kutoka nyuma, "Mwambie anafanya. Ya koo."

Jumatano nilikwenda kanisani nimejiandaa kukabidhi uongozi. Nikamkuta Mama Upendo amesimama mlangoni, amevaa raba. "Mwalimu," akasema, "leo tunaanza na yapi?"

Tangu siku hiyo kwaya yetu inazunguka ukumbi wa kanisa kwanza ndipo inaimba. Mafua bado hunipata, nisiwadanganye, lakini si kama zamani. Na nimeapa mtu akiniuliza kama nafanya mazoezi, simjibu kabla sijamuuliza: ya koo au ya miguu? Ya koo nafundisha mimi. Ya miguu anafundisha Mama Upendo, na hana huruma.