Jembe la Mutua kwenye Albamu Yangu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Mutua alichomoa waya wa gitaa lake katikati ya wimbo, na banda zima likanyamaza. Lilikuwa banda la mahindi la mama yake, kule Kathiani, mahali bendi yetu ilipofanyia mazoezi. Mutua alikuwa mpiga gitaa na kiongozi wetu, Musyoka alipiga ngoma, nami Ndinda nilipiga besi na kuimba. Bendi tuliiita Radi. Usicheke. Kichwa hiki unachokiona na mvi kilikuwa na nywele nyekundu wakati ule, na baba yangu alikataa kabisa kutembea nami njia moja kwenda kanisani.

Tulipiga roki, mwanangu, na hapa ni kwa Wakamba, watu wa benga. Waliotusikia mara ya kwanza walidhani kuna mtu anaumwa. Harusini tulialikwa mara moja tu, na baada ya wimbo wa pili mzee wa kamati akatuletea chakula kabla ya wageni wote, ili tunyamaze. Lakini tulikuwa tumejuana tangu shule ya Jumapili, na kuchekwa pamoja kulitushikamanisha. Kidole kimoja hakivunji chawa, nasi tulikuwa vidole vitatu.

Siku hiyo nilikuwa nimewaambia jambo langu waziwazi. Nilitaka kurekodi albamu ya hip-hop, yangu mwenyewe, kwa Kikamba na Kiswahili, na mtayarishaji mmoja wa muziki mjini Mlolongo alikuwa amekubali kunirekodi. Mistari ilikuwa inanijia nikikamua ng'ombe, nikichambua maharagwe, hata wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe. Haikuwa mistari ya kupigiwa kelele, ilitaka kusemwa. Nilidhani wenzangu watafurahi.

"Wee Ndinda, mshika mbili moja humponyoka," Mutua akasema, waya ukiwa mkononi. "Chagua. Ni Radi ama ni hiyo hip-hop yako."

"Kwani nimesema naondoka?"

"Wote huanza hivyo. Leo ni ka-albamu kadogo, kesho hatukuoni."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kwamba bendi yake ikifa leo hakuna mbwa atakayebweka. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Nilipanda kilima kwenda nyumbani na besi mgongoni, nikilia kwa hasira, na nilipofika mlangoni nilikuwa nimekwisha kuamua kuwaacha wote wawili, Radi na mtu wa Mlolongo, nikae nifuge kuku. Nilikuwa na albamu nzima kichwani na marafiki wawili tu duniani, na niliona sitabaki na chochote.

Sasa, kuta za mabati hazifichi ugomvi. Nyanyake Mutua, Susu Kalondu, alikuwa nje akianika mtama na alisikia kila neno. Alituma habari tu kwamba Alhamisi mwethya unalima kwake, na sote watatu tufike.

Nyinyi wa siku hizi mwethya mnausikia kwenye hotuba. Kwetu ulikuwa ndio mkono wa kila nyumba. Leo watu wa kijiji wanakuja kuchimba matuta kwenye shamba lako, wiki ijayo wewe unaenda kwa jirani. Kila mtu huja na jembe lake mwenyewe. Mwenye shamba hupika, na hakuna anayelipwa ila kwa kuitikiwa siku yake ikifika. Kiongozi wetu alikuwa Susu Kalondu, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu, na sijui mtu aliyewahi kumkatalia.

Tulichimba fanya juu. Unachimba mtaro kukingama na mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, na mvua ikija shamba halishuki mtoni. Susu akanipanga kando ya Mutua, na haikuwa bahati mbaya. Tukachimba bila kusemezana, tukirushiana udongo kuliko ilivyohitajika. Wanawake wakaanza kuimba, mmoja akiongoza na wengine wakiitikia pamoja na majembe. Yule kiongozi wa wimbo alikuwa nusu anaimba nusu anasema, akiwataja wavivu kwa majina. Akafika kwa Mutua. Akasema mjukuu wa Kalondu ana jembe linalolala usingizi, na tukilisikiliza vizuri tutalisikia likikoroma.

Shamba zima likacheka. Nikamtazama Mutua kwa jicho la pembeni nikaona anajiuma midomo. Mwishowe naye akacheka, na wakati huohuo jembe lake likaingia kwenye mdundo wa wale wanawake. Mtu wa muziki hawezi kujizuia.

Wakati wa chakula Susu akaketi baina yetu na sahani yake ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Alikula kwanza. Wazee wale hawakuharibu chakula kwa maneno.

"Mutua," akasema hatimaye, "hilo jembe ni la nani?"

"Si ni langu, Susu."

"Na juzi lilikuwa wapi?"

"Kwa kina Mwende. Tulikuwa tunalima huko."

"Ulipotoka huko uliliacha?"

"Nilikuja nalo."

"Basi mbona unataka jembe la huyu msichana lilale kwako? Akilima kwake, wewe umepungukiwa nini? Mtu mwenye shamba lake ndiye anayejua uchungu wa shamba la mwenzake. Asiye na lake huja kula tu."

Mutua akainamisha kichwa. Nami, mwanangu, nilikaa pale nimejaa ushindi hadi shingoni. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu. Ndipo yule mama akanigeukia.

"Na wewe unacheka nini? Hiyo albamu yako, ulimwalika?"

"Nilimwambia, Susu. Sikumficha."

"Sikuuliza kama ulimwambia. Nimeuliza kama ulimwalika. Mimi ningepita hapa barabarani nikisema, 'Alhamisi nalima,' halafu niende zangu, nani angekuja? Wangesema Kalondu siku hizi anajiweza. Ulimwambia una shamba jipya, hukumwambia kuna kazi yake huko. Sasa akiona amefukuzwa, kosa ni la nani?"

Neno lile liliniingia, na mpaka leo halijatoka. Nilikuwa nimeona wivu wa Mutua tu, kumbe nyuma yake palikuwa na hofu ya mtu anayeachwa. Nilimwonea huruma pale pale, na nikajionea haya kwa lile neno la mbwa.

Basi nikafanya kama tulivyofundishwa. Nilimwendea Mutua nyumbani kwao, nikamwomba msamaha, kisha nikasema kama mwenye shamba anavyosema: "Jumamosi nalima Mlolongo. Njoo na jembe lako." Kwa Musyoka nikaenda vilevile.

Nilipika muthokoi na maharagwe usiku kucha, nikafunga sufuria kwa leso nikaibeba hadi studio. Yule mtayarishaji, kijana wa mjini, alinitazama kama mtu aliyepotea njia ya kwenda matangani. Musyoka alifika na fimbo zake za ngoma. Mutua akachelewa, na kila mlango ulipolia niligeuka kutazama. Saa ya chakula akaingia, gitaa mgongoni, uso umekunjwa.

"Nimekuja kula," akasema.

"Karibu, kula."

Akala sahani mbili. Kisha akamwomba mtayarishaji amsikilizishe wimbo wa mwisho wa albamu, ule nilioutoa kwenye majembe ya siku ile. Akausikiliza macho yamefumbwa. Aliposema, "Hapa katikati pako wazi sana," nilijua amekwisha kusamehe, maana Mutua hasahihishi kazi ya mtu asiyempenda. Akalitoa gitaa, akapiga pale palipokuwa wazi, mara moja tu, na hatukurudia.

Albamu niliiita Fanya Juu. Haikunitajirisha, mwanangu, lakini ilipigwa kwenye vibanda vya soko hadi Katangi, na akina mama wa mwethya waliikariri kuliko mimi. Na Jumamosi iliyofuata nani alikuwa wa kwanza kufika kwenye banda la mahindi? Mimi. Radi tulipiga miaka mingi baada ya hapo, mpaka kazi na watoto vikatutawanya bila ugomvi wowote. Tena Mutua huyohuyo baadaye alirekodi albamu ya benga. Benga! Nilipomkumbusha mshika mbili, akaniambia, "Nyamaza, beba besi yako uje." Nikaenda.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayetaka kujaribu jambo lako kando ya kundi lako. Lijaribu. Moyo wa mtu una mashamba mengi, na asikutishe mtu kwa methali, hata methali ya kweli. Lakini usiishie kuwaambia wenzako kwamba unaenda. Waalike. Wapikie. Waachie mahali palipo wazi wapajaze wao. Na siku yao ya kulima ikifika, fika mapema kuliko ulivyofika kwako. Nawe unayeachwa nyumbani, usishike jembe la mwenzako ukadhani umemshika mwenyewe. Hasira hasara, nenda ukale chakula chake kwanza, utajua cha kusema ukishashiba.

Susu Kalondu amelala kaburini siku nyingi, na matuta yake bado yanashika mvua. Jioni ile ya Mlolongo Mutua alirudi nyumbani na gitaa lake mgongoni, kama desturi inavyotaka. Alichokichimba kimebaki. Nikiuweka ule wimbo wa mwisho, namsikia palepale katikati.

Mungu akubarikie mikono, mwanangu, asikunyime shamba lako wala majirani. Na siku utakapoita, wakusikie, waje, kila mtu na jembe lake.