Wakiita Stima

Mashabiki wetu hawapigi makofi. Gitaa likianza kunguruma na mimi nikianza zile kelele zangu, ambazo majirani wa Mwihoko walishanishtaki kwa mwenye ploti, wao huita, "Stima! Stima!" Nadhani walioanzisha ni wanafunzi wa Kahawa Wendani, maana hao hawawezi kukaa na neno bila kulichezea. Kwetu stima ni umeme tu, ule unaopotea mvua ikinyesha. Wao wakaufanya sifa, na sioni haya kusema niliipenda sifa hiyo kuliko chakula.

Mpiga gitaa wetu ni ndugu yangu mdogo. Ana vidole vya ajabu, lakini miguu ni ya mlingoti. Shoo zote tulizopiga Thika na Ruiru, sikuwahi kumwona akisogea. Nilimsema hadi nikachoka.

"Watu wamekuja kuona rock," nilimwambia, "si kuona mtu akingoja gari."

Yeye hucheka tu na kurekebisha nyuzi zake.

Mama hakuwahi kuja. Ni mtu wa kwaya, na kila akinisikia nikifanya mazoezi chumbani aliuliza, "Hiyo ni nyimbo ama kuna mtu amekufa?" Nilijifanya sijali. Uongo mtupu. Mwanamuziki anayekuambia hajali mamake anamwonaje jukwaani, usimwamini hata akikuambia saa.

Kisha Jumapili moja mchana, baada ya ibada, akaja. Tulikuwa tunapiga kwenye ukumbi mmoja wa Ruiru. Aliketi kando ya ukuta na kitambaa chake cheupe kichwani, mkoba mapajani, kama mtu aliye kwenye foleni ya daktari. Ndugu yangu alipomwona alichangamka, akaninong'oneza, "Leo naimba kiitikio na wewe." Yeye, ambaye haimbi hata bafuni!

Kiitikio kilipofika, alisogea kwenye maikrofoni yake, vidole kwenye nyuzi, mdomo ukagusa chuma. Nikageuka kidogo na nikaona maajabu. Alikuwa akicheza! Mabega yalirukaruka, magoti yakatetemeka, kichwa kikaenda nyuma. Ukumbi ukalipuka. Na juu ya kelele zote nikasikia sauti ninayoijua tangu nizaliwe. Mama alikuwa amesimama juu ya kiti, kitambaa kimeanguka, anapiga mayowe, "Stima! Stima!"

Watu wakaidaka. Ukumbi mzima ukaitikia, stima, stima, na mimi nikalia kwa furaha. Hatimaye amecheza, na hatimaye mama ameelewa. Nikainua maikrofoni nikawaongoza, nikiita pamoja naye kwa nguvu zangu zote.

Mara sauti ikakatika. Mama alikuwa ameruka chini na kung'oa waya mkubwa ukutani kwa mikono miwili. Nyuma yangu ndugu yangu akaanguka kama gunia.

Spika ya gitaa ilikuwa mbovu. Waya wa kuupeleka umeme ardhini ulikuwa umekatika, kwa hivyo umeme ukapita kwenye nyuzi, ukaingia vidoleni, ukatokea mdomoni. Ulimshika hata asiweze kuachilia wala kupiga ukemi. Hakuwa akicheza. Alikuwa anakufa, na mimi nilikuwa naongoza watu kushangilia.

"Ngai! Mnaimba nini na mtoto anauawa?" Mama alinipigia kelele, huku baadhi ya watu wakiendelea kushangilia.

Nimesikia watu wakisema damu iliwaganda. Yangu sijui ilienda wapi. Nilisimama pale, siwezi hata kupiga magoti kando yake, na hadi leo naikumbuka furaha ile. Sijawahi kufurahi vile, kabla yake wala baada yake.

Alipona. Hospitalini Thika walimkalisha mpaka moyo wake ukatulia, na akatoka na midomo iliyobabuka na alama nyeusi vidoleni. Nilimuuliza mama alijuaje.

"Nyinyi mliangalia miguu," alisema. "Mimi niliangalia macho."

Tuliporudi jukwaani, huko huko Thika, fundi alikuwa amekagua kila waya. Mama alikuja bila kualikwa. Aliburuta kiti hadi kando ya swichi kubwa ukutani na kuketi, mkono juu yake. Wimbo wa pili ukashika moto, na wanafunzi, ambao hawakujua lolote, wakaita, "Stima! Stima!"

Kimya. Alikuwa ameizima.

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mathe, washa bana!" Macho ya mama yalikuwa kwa ndugu yangu, ambaye aliinua mikono yote miwili juu ili aione vizuri.

"Nimesikia wakiita," mama alisema.

Ningeweza kumweleza kwamba hiyo ni sifa tu. Nikaweka maikrofoni chini.

"Ni sawa, Maitu," nikamwambia, na tukangoja mpaka alipomaliza kumwangalia mwanawe, ndipo akawasha.