Gundi Iliyokataa Kukauka

Usiniambie niliota. Pombe sinywi, mimi ni mzee wa kanisa la Sabato, na jua lilikuwa bado linaonekana. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya.

Nafunga vioo vya magari hapa Kiogoro. Ijumaa hiyo mwalimu mmoja wa Nyamache alikuja na mkewe, Kwamboka, nibadilishe kioo cha mbele cha gari lao. Nikamaliza saa kumi na moja jioni. Sasa, gundi ya kioo inataka gari lilale papo hapo hadi kesho yake. Lakini kesho ilikuwa Sabato, na Sabato geti langu silifungui. Ilinipasa niwaambie waliache hadi Jumapili. Sikutaka mabishano, na jua lilikuwa linanikimbiza, maana likizama tu Sabato imeingia.

Kwamboka ndiye aliyeuliza. "Fundi, hii gundi imekauka kweli?"

"Itakaukia njiani, mama. Nyinyi endeni tu."

Wakaenda. Baadaye nikiwa nafagia, nikamwona Kwamboka amesimama kando ya meza yangu, peke yake. Gari sikulisikia. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa gundi mbichi.

"Fundi, imekauka?"

Unafikiri niliogopa? Nilikasirika! "Mama, jua linazama. Mwambie mwalimu tutaongea Jumapili. Sabato njema." Akaegemeza mkono kwenye kioo cha gari kilichoegemezwa ukutani. Nikainama kuchukua kufuli. Nilipoinuka, hakuwepo.

Asubuhi kanisani wakatangaza. Gari lao liligonga lori la majani chai kwenye mteremko, saa ileile niliyomwona kando ya meza yangu. Kioo kilichomoka kizima, na Kwamboka akatoka nacho. Mkanda wa upande wake ulikuwa mbovu, kwa hiyo watu wakalaumu mkanda. Kweli, ungemshika. Lakini hata kioo kilichoshika vizuri humzuia mtu asirushwe nje, na hilo nalijua mimi kuliko wao wote. Nikanyamaza. Mwalimu mwenyewe, mkono ukiwa kwenye plasta, akaniomba niongoze maombi kaburini kwa mkewe. Nikaomba! Niamini, hakuna mtu ninayemchukia kama mzee yule aliyefumba macho pale kuomba.

Alama ya kiganja cha Kwamboka ingali kwenye kioo kile cha ukutani. Nimeikwangua kwa wembe, nimeimwagia petroli. Kila Ijumaa jua likishuka naigusa, na kidole changu kinatoka cheusi.

Wewe, fundi akikuambia itakaukia njiani, mwachie gari, ulale hata sakafuni kwa watu. Sabato ile mimi niliitunza. Kwamboka hakuifikia.